Barua ya Wazi kwa Wanaotuuzia Pikipiki: Tuambieni Nzima Inalia Vipi

Kwa waagizaji, wauzaji na mawakala wa pikipiki Tanzania.
Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Tume ya Ushindani (FCC), na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA).

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Chome, wilaya ya Same, katika milima ya Upare ya kusini. Kama hampajui, shikeni barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Mkipita Hedaru na kukaribia Makanya, tazameni kulia: ile milima inayosimama ghafla kutoka kwenye nyika kavu, asubuhi ikiwa imefunikwa na wingu, ndiko tuliko. Kilele chake cha Shengena kina mita 2,462 na hakuna kirefu zaidi Upare nzima. Huku juu pikipiki inapandisha saruji na mabati, inashusha tangawizi, ndizi na maharage, inampeleka mgonjwa hospitali na mwalimu mpya kituoni. Nimeona hata jeneza. Kwa hiyo tukilalamika kuhusu pikipiki, msidhani ni malalamiko ya watu wa starehe.

Bei siizungumzii leo. Nataka kuzungumzia mlio.

Mnapotukabidhi pikipiki mpya mnatupa funguo mbili, kofia ngumu, risiti, makaratasi ya kufuatilia kadi, na kitabu kidogo kilichofungwa ndani ya nailoni. Fundi wenu anaipiga kiki, inawaka, anatikisa kichwa kwa kuridhika, biashara imeisha. Hakuna anayemwambia mnunuzi: sikiliza, huu ndio mlio wake ikiwa ya baridi, huu ndio mlio wake ikishapata moto, hiyo "ka!" ya kuingiza namba moja imezaliwa nayo, lakini ukisikia hivi, zima hapo hapo na ushuke. Mtu anaondoka na chombo cha milioni mbili na ushee, wengine tatu na kupita, bila kujua chombo hicho kikiwa kizima kinasikikaje. Atajuaje kikianza kuumwa?

Nina mfano, na muuzaji simtaji kwa sababu angeweza kuwa yeyote kati yenu. Jirani yangu ni mwinjilisti. Mitaa anayoihudumia imetawanyika milimani, na vikao vyake viko Same mjini, mara nyingine Moshi. Alikuwa na pikipiki ya kawaida ya Kichina, ameizoea miaka. Akajibana, akanunua kubwa ya safari: tangi pana, kiti kirefu, gia tano, keria ya chuma nyuma. Siku aliyofika nayo watu waliizunguka. Kesho yake alfajiri ikaanza maneno. Akiiwasha inatoa "shrrr" ubavuni mwa injini kwa sekunde chache, kisha inanyamaza. Akiingiza namba moja inapiga "ka!" mpaka anaisikia kwenye nyayo. Na akiwa kilimani na namba mbili, kuna mluzi mwembamba unaopanda na kushuka kadiri anavyovuta mafuta.

Kijiwe kikatoa hukumu. Mmoja akasema beringi ya gia boksi imekwenda. Mwingine akasema gia imekatika jino. Wa tatu, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akasema ameuziwa mtumba uliopakwa rangi. Kufikia jioni mfuniko wa injini ulikuwa chini, umelazwa juu ya gunia. Ndani hapakuonekana kilichoharibika. Lakini gasketi ilishachanika, ikachongwa nyingine ya karatasi ya boksi, na pikipiki mpya ikaanza kuvuja oili. Alipoiteremsha mjini akaambiwa kwamba injini imefunguliwa na fundi wa nje, hivyo waranti imekufa. Kwa maandishi ya karatasi ya waranti, muuzaji alikuwa sahihi.

Milio yote mitatu ilikuwa ya afya. Ile "shrrr" ni cheni ya taimingi asubuhi, kabla oili haijapanda juu ya injini. Ile "ka!" ni ya klachi: pleti zake zinaogelea kwenye oili, na oili ikiwa nzito kwa baridi pleti hugandana kidogo, zikaendelea kuzungusha gia hata kama umebana mkono wa klachi. Gia ya kwanza ikiingia, kinachozunguka kinakutana na kilichosimama. Ukibana klachi ukahesabu taratibu mpaka tano kabla ya kukanyaga gia, kishindo kinapungua. Mluzi nao unatoka kwenye meno yaliyonyooka ya gia zinazopeleka nguvu kutoka krenki kwenda klachi, na kwenye ule uzito unaozungushwa ndani kupunguza mtetemo wa pistoni kubwa. Meno yaliyonyooka ni imara na hayana gharama kubwa kuchonga, ila yanapiga mluzi. Kila aliyepanda daladala amewahi kuusikia: gari likirudi nyuma linalia kwa sababu gia ya kurudi nyuma kwa kawaida ina meno ya aina hiyo.

Maelezo hayo nimeyaandika katika aya moja. Kwa nini hayakuwa kwenye kitabu chenu, au mdomoni mwa fundi wenu siku ile ya kukabidhi?

Labda mtasema watu wa Chome hawana masikio. Wanayo, tena makali. Tatizo ni kwamba yamefundishwa na pikipiki zilizopita. Wazee wanakumbuka Yamaha za mabwana shamba, zile zilizochoma oili pamoja na petroli, moshi wa buluu nyuma na mlio wa "reng-teng-teng". Zile hazikuwa na tapeti wala cheni ya taimingi, kwa hiyo hazikumfundisha mtu kusikiliza vitu hivyo. Kisha zikaja za Kichina kwa wingi, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuiruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, na nyingi kati ya hizo zilibeba injini ya ukoo mmoja: uzao wa Honda CG125.

Historia ya injini hiyo ningependa muisome vizuri, maana inawahusu ninyi kuliko sisi. Honda waliitoa mwaka 1976. Kabla ya hapo wahandisi wao walikwenda kutazama jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyozitumia pikipiki zao. Wakakuta zinabebeshwa kupita kiasi, oili haibadilishwi kwa wakati, kichujio cha hewa hakikumbukwi. Wangeweza kurudi Japani wakaandika kitabu kinene cha kuwakemea wateja. Badala yake waliitoa kamshafti juu ya injini, ilikokuwa ikizungushwa na cheni na kuumia mapema oili ikichakaa, wakaishusha chini karibu na krenki, na valvu wakazisukuma kwa vijiti virefu. Ulikuwa ufundi wa zamani, wakaurudia makusudi kwa kuwa unavumilia. Kampuni kubwa ilikwenda kuwaona watumiaji, ikarudi ikabadilisha chuma. Mimi siwaombi mbadilishe chuma. Naomba maelezo tu.

Vijiti vile vina mlio wao: "tiki-tiki-tiki" isiyokoma, tena inaweza kuongezeka injini ikipata moto, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, silinda inarefuka kuliko vijiti na nafasi ya tapeti inapanuka. Kizazi kizima cha bodaboda huku kimejua kwamba hiyo "tiki-tiki" ndiyo uzima. Mpe kijana wa kizazi hicho injini ya kamshafti ya juu, iliyotulia kwenye tapeti lakini yenye cheni ndefu ubavuni, atakwambia imeharibika. Mchukue aliyeanzia kwenye hizi pikipiki za Kihindi zenye kamshafti ya juu umpe ya vijiti, atasema ina tapeti na atataka zikazwe. Fundi asiye na subira atazikaza mpaka zinyamaze. Mteja atafurahi siku chache. Valvu ambayo haifungi sawasawa hupitisha moto pembeni na kuungua, na siku ya kuungua kwake haitakuwa siku ya kufika gereji. Itakuwa katikati ya mlima, na abiria mjamzito nyuma.

Hata matajiri wana shida hii. Pikipiki za Ducati zenye klachi kavu zilisifika kwa kugonganisha pleti zake zikiwa zimesimama, mlio ambao kwa asiyejua ni injini inayosambaratika, na wenyewe waliupenda. Tofauti yao na mwinjilisti wetu ni kwamba wao wana wa kumuuliza.

Sasa kuna mlima wenyewe, ambao nadhani hamuufahamu kwa kuwa maduka yenu yako tambarare.

Barabara zetu zimechongwa ubavuni: mkono mmoja ukuta wa udongo, mkono mwingine bonde. Ukipita karibu na ukuta, mlio wa injini yako unakurudia sikioni pamoja na vyote vilivyomo. Ukitokea kwenye wazi, unapotea. Nimesikia watu wakiapa kwamba pikipiki yao inalia kwenye kona za upande mmoja tu. Wanafikiri kuna kitu kimelegea ndani kinachohama kila wakilala na kona. Ni udongo unaowajibu.

Kisha baridi. Juni na Julai ukungu unakaa mpaka jua limepanda, na oili ileile inayotiririka kama maji saa nane mchana pale Makanya, huku alfajiri inatoka chupani kwa uvivu. Hewa nayo ni pungufu. Kila mita 1,000 unazopanda, inapungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyosetiwa usawa wa bahari inaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa haba: injini inakuwa nzito, plagi inakusanya masizi, na ukiachia mafuta kwenye mteremko petroli ambayo haikuungua inamalizia kuwaka ndani ya sailensa, "pa! pa-pa!" Mgeni anadhani injini imepasuka. Mwenyeji anamwambia abiria asiogope. Marekebisho ya kabureta kwa mtu wa milimani ni kazi ndogo kwa fundi wenu, mkimuuliza mteja swali moja kabla hajaondoka: unaishi wapi?

Swali hilo hilo lingewaonyesha sproketi ya kumfungia. Ukitoa ya mbele yenye meno 15 ukaweka ya 14, nguvu ya kupandia inaongezeka kwa kama asilimia saba na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi kama hicho. Kwa mtu wa barabara ya lami hiyo ni hasara. Kwa mtu wa Chome, ambaye gia ya juu anaikumbuka akishuka Same tu, ni faida tupu, na injini yake haitalazimika kulia kwa uchungu kwenye namba mbili. Lakini pikipiki inayouzwa kwa mtu wa Hedaru na inayouzwa kwa mtu wa Chome inatoka dukani na meno yaleyale.

Nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni kilomita. Vitabu vyenu vinataka servisi ya kwanza ifanyike kilomita 500, vingine 1,000. Kilomita ni hesabu ya tairi. Injini inahesabu mizunguko yake. Kwa kila mita ya barabara, namba moja inaizungusha injini karibu mara tatu ya gia ya juu. Pikipiki ya hapa, inayopanda kwa namba moja na mbili ikiwa na mzigo, mita yake ikisoma 500 injini imeshafanya kazi ambayo pikipiki ya lami ingeimaliza kwa kilomita elfu moja na zaidi. Trekta halihudumiwi kwa kilomita. Lina saa inayohesabu muda ambao injini imefanya kazi, na jenereta nyingi vilevile. Na oili ya kwanza ndiyo inayohitaji kutoka mapema, maana ndiyo iliyobeba unga wa vyuma vipya vinavyozoeana. Ikikaa mno, unga huo unazunguka kwenye gia na kwenye klachi pia, kwa sababu karibu pikipiki zote mnazotuuzia zina oili moja tu kwa injini, klachi na gia boksi. Kwa hiyo waandikieni watu wa milimani servisi ya kwanza kwa kilomita au kwa wiki, kinachotangulia. Na waranti yenu isimhukumu mtu kwa mita inayosoma tairi peke yake.

Kuhusu oili yenyewe sitakuwa na maneno mengi. Tangu mwaka 1998 kuna kiwango cha Kijapani kinachoitwa JASO, na oili inayofaa klachi inayoogelea ina alama ya MA kwenye chupa. Oili nyingi za magari madogo zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Mtu anaweka oili ya gari kwa sababu duka la karibu lina hiyo tu, wiki ya pili injini inanguruma kwa nguvu lakini pikipiki haipandi, na kijiwe kinasema gia boksi. Ubao mmoja dukani kwenu, wenye picha ya hiyo alama, ungeokoa klachi nyingi.

Cheni nayo inastahili kusemwa. Mnaikaza pikipiki ikiwa kwenye stendi, haina mtu. Kitabu kinasema ilegee sentimita mbili hadi tatu, na mnafuata kitabu. Huku inapakiwa dereva, abiria na gunia la tangawizi. Shokapu zinalala, tairi la nyuma linasogea, na cheni iliyokuwa sawa inakuwa imevutwa kama uzi wa zeze. Ndipo unaposikia mvumo mzito unaofuata mwendo wa tairi, na baada ya muda beringi ya sproketi ya mbele inaondoka kweli. Katika milio yote niliyoitaja huu ndio unaoanza kama mlio mpya usio na madhara na kuishia kuwa gharama. Ikazeni mteja akiwa amekaa juu yake, pamoja na mwenzake kama yupo. Inachukua dakika chache.

Lawama si zenu zote. Vijana wetu wana tabia ya kuzima injini na kushuka na fri mpaka tambarare ili kuokoa petroli. Injini ikiwa imezimwa pampu ya oili haifanyi kazi, ilhali tairi bado linazungusha sehemu ya gia boksi, na breki za ngoma zinabeba uzito wote peke yake mpaka zinanuka. Tunawakemea. Lakini hata hili hakuna kitabu kilichowahi kuwaambia kwa lugha wanayoisoma.

Vitabu vyenu nilivyovishika vingi ni vya Kiingereza, na penye Kiswahili ni tafsiri ya mashine inayomwagiza mtu mambo yasiyoeleweka. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama zetu. Kama hukumu ya jinai inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sidhani kama nafasi ya tapeti inashindikana.

Kwenye kitabu hicho nataka ukurasa mmoja wa milio. Uanze na njia ya kutafuta chanzo, ambayo fundi yeyote mzuri anaijua na mnunuzi hajawahi kuonyeshwa. Tafuta mahali tambarare, uwanja wa mpira unatosha. Ukiwa kwenye mwendo, bana klachi na uachie mafuta. Mlio ukikata au ukabadilika pamoja na injini, tafuta kwenye injini. Ukiendelea vilevile na kupungua tu kadiri tairi linavyopungua kasi, ni cheni, beringi za tairi au breki. Simama, weka fri, injini ikiwa inawaka: mlio ukiwepo klachi ikiwa imeachiwa na ukapotea ukiibana, uko kwenye klachi au shafti ya kwanza ya gia. Kisha bisibisi ndefu: ncha kwenye injini, mpini kwenye mfupa wa sikio, na utasikia kila chumba cha injini kinasema nini. Fundi wetu wa hapa anafanya hivyo, na ndiye ambaye mwinjilisti angemwendea kama kijiwe kisingemkuta kwanza.

Kisha ukurasa uitaje milio ya hatari. Kama unapanda na gia kubwa, umevuta mafuta hadi mwisho na injini inatoa "kri-kri-kri" kavu, petroli inawaka kabla ya wakati. Punguza gia, usiivute. Kama kuna "ko-ko-ko" nzito kutoka chini ya silinda inayozidi mzigo ukizidi, hiyo ni beringi ya konrodi, zima, usijaribu kufika nyumbani. Kama gia inaruka yenyewe ukiwa kilimani, meno ya kushikana ndani au uma wa kubadilishia umelika au haukufungwa sawa. Kwa pikipiki mpya hilo ni la kwenu na waranti ilipe bila mabishano. Na mlio wowote ambao jana haukuwepo na leo upo, kila siku ukiongezeka, usizoewe. Mlio wa kuzaliwa haukui.

Huo ni ukurasa mmoja. Siombi zaidi kwa karatasi.

Najua jibu lenu: mteja hasomi. Ni kweli, wengi hawasomi, na wengi wa mlimani wanachukua pikipiki kwa mkataba au ni deiwaka wa mtu mwingine. Kitabu kinabaki kwa bosi, ndani ya kabati. Basi msiwaandikie tu, wapeni sauti. Chukueni simu, rekodini kila aina mnayoiuza: ikiwashwa baridi, ikiwa na moto, ikiingizwa namba moja, ikipanda na abiria, ikishuka mafuta yamefungwa. Nusu dakika kila moja, na mtu aseme kwa Kiswahili ni nini kinachosikika. Rekodini pia injini mbovu, ninyi mnazo gereji zimejaa. Halafu siku ya kukabidhi mtumieni mteja kwa WhatsApp. Bodaboda wa Chome hupokea sauti za mahubiri, za vikoba na za vichekesho kila siku. Atapokea na hiyo. Kijiwe kikianza kuhukumu, atafungua simu, aweke karibu na injini, wasikilize zote mbili. Gharama yake kwenu ni asubuhi moja ya fundi na bando.

Kwa VETA naomba kitu kidogo: mwanafunzi wa ufundi pikipiki afundishwe kusikiliza kabla ya kufundishwa kufungua, na mtihani wake uwe na injini nzima inayolia, ambayo jibu sahihi ni kuiacha. Fundi anayelipwa kwa kufungua atafungua. Kwa TBS na Tume ya Ushindani, ambayo kwa sheria ya mwaka 2003 ina kazi ya kumlinda mlaji pia, naomba mtazame kama chombo kinachobeba roho za watu kinaweza kuuzwa bila maelezo ambayo mnunuzi anayaelewa, kisha muuzaji akatumia kutokuelewa huko huko kumfutia waranti.

Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba mtu wetu yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani tunaupokea, una ukweli wake. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka Same kwa maelfu kupinga kodi ya mbiru, na serikali ya mkoloni ilijua kwamba watu hawa wakishika neno hawaliachii kirahisi. Hatutashuka kwa sababu ya gia boksi. Ila msidhani tunaogopa vyuma: Upare ni nchi ya wahunzi, ukoo wa Washana kule Ugweno walifua chuma kilichovuka mpaka kwa Wachaga kabla ya duka lolote la vipuri kufunguliwa. Na ardhi ya Chome ina boksiti, udongo unaotoa alumini ya hizo injini zenu. Watu wameshavutana sana kuhusu kuichimba karibu na msitu. Chuma tunakijua. Hicho chenu ndicho hamjatutambulisha.

Ombi la mwisho ni mwaliko. Chukueni pikipiki moja ya kila aina, mpya, kabla hamjaagiza kontena lijalo. Mzipandishe huku pamoja na fundi wenu mwenye uzoefu, na mtu wa kurekodi. Sisi tutatoa abiria, gunia na kilima, na mafundi wetu watakaa nanyi wawaulize maswali ambayo kijiwe kinauliza kila siku. Anzeni kupanda alfajiri, injini ikiwa ya baridi kweli, na msilete ile ambayo mmeshaitengeneza vizuri kwa maonyesho. Msije Jumamosi: Wasabato ni wengi milimani huku, na baadhi ya mafundi wazuri watakuwa kanisani. Jumapili hivyo hivyo kwa wengine, akiwemo mwinjilisti. Jumanne ingefaa, na mkipiga simu siku moja kabla, tutawaambia kama mvua imeiacha barabara.

Wenu,
Mwendesha pikipiki, Chome